Barua za Wasomaji: Mtoto bado yuko skuli, jeshi limemuwekea pesa mezani

Toleo lililopita msomaji mmoja wa Bamburi aliuliza kama ni haki jeshi kumuonyesha mwanafunzi pesa ndio ajiunge, mimi nikajibu kwa mistari michache tu kwamba sipendi, basi. Tangu siku hiyo barua zinamiminika, kuna wanaoniunga mkono, kuna walionikasirikia, na kuna wale ambao jambo lenyewe liko ndani ya nyumba zao saa hii na hawakuwa na mtu wa kumuuliza. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu mwenyewe hana muda.

Bi Mhariri, mimi ni mama wa watoto watatu naishi Kisauni, asubuhi nauza mahamri na mbaazi, jioni viazi karai. Mume wangu alibahatika na ile bahati nasibu ya grini kadi akaenda Marekani na kijana wetu mkubwa, mimi na wadogo tukabaki, makaratasi yetu bado. Kijana sasa yuko mwaka wa mwisho wa sekondari huko Ohio, ana miaka 17. Juzi ananipigia vidio WhatsApp anacheka ananiambia mama mambo yamejipa. Ati kuna askari huja skuli kwao saa ya chakula, wana meza yao pale kantini, wanagawa kalamu na fulana na kupiga stori na vijana, na mmoja amemwambia akijiunga atapewa bonasi ya dola elfu 20, na chuo atalipiwa chote, na uraia pia ataupata upesi. Nimepiga hesabu hizo ni zaidi ya shilingi milioni mbili u nusu. Baba yake anaona ni neema maanake kodi ya nyumba inamlemea, anafanya kazi ya ghala usiku na bado haitoshi. Lakini kwa vile mtoto hajafika 18 fomu inataka saini ya wazazi wote wawili, nimetumiwa picha yake kwa simu, niitie saini niirudishe kabla ya Ijumaa kwa sababu yule askari amesema Ijumaa ndio mwisho. Tangu hapo silali. Nikikataa nitakuwa nimemzuilia mwanangu masomo, nikikubali halafu apelekwe vitani je, nitakuwa nimemuuza?
Mama wa Kisauni

Jibu: Dada yangu, Ijumaa usitie saini. Hilo nakwambia kwanza, mengine tutayaongea tukiwa tumetulia.

Hiyo haraka si yako wala si ya mwanao. Marekani iliacha kuandikisha watu kwa lazima mwaka 1973, tangu hapo jeshi lao linategemea wanaojiandikisha wenyewe, na kuna miaka hawapatikani wa kutosha. 2022 jeshi lao la nchi kavu lilitaka watu 60,000 likapungukiwa na kama 15,000, na mwaka huo huo ndio walikuwa wamepandisha bonasi mpaka dola 50,000 kwa kazi zinazokosa watu, kwa anayekubali kufunga miaka sita. Sasa yule askari wa kantini ana idadi ya vijana anayotakiwa apeleke, ndio kazi aliyopewa, simlaumu mtu kwa kufanya kazi yake, lakini hiyo Ijumaa ni ya kwake. Kiwango cha bonasi kinaweza kupanda au kushuka, ni kweli, lakini jeshi lenyewe litakuwepo Jumatatu na litakuwepo mwanao akitimiza 18, na siku hiyo hatahitaji saini yako wala ya baba yake. Kwa hivyo wewe ukisema subiri hujamfungia mlango, umempa miezi ya kufikiri.

Na ujue hawakumpata kwa bahati. Sheria ya elimu ya Marekani ya 2001 ilisema skuli ya sekondari inayopokea pesa za serikali kuu iwape maafisa wa jeshi majina, anwani na namba za simu za wanafunzi wakiomba, na sheria iliyokuja baadaye, ya 2015, ikaendeleza hivyo hivyo. Lakini mzazi ana haki ya kuandikia skuli akatae habari za mtoto wake zisitolewe. Wazazi wengi hawajui, na wageni ndio kabisa, karatasi huja nyumbani pamoja na karatasi nyingine ishirini mwanzo wa mwaka. Mwambie baba yake aandike hiyo barua, ni mistari miwili tu.

Tuje kwenye hizo dola elfu 20, maanake hapo ndipo nyote mmenasa. Kwanza, mkashatia saini hapewi zote mkononi. Kwa kawaida bonasi inaanza kulipwa baada ya kumaliza mafunzo, mara nyingi kwa mafungu, na inakatwa kodi kama mshahara mwingine. Halafu imefungwa na kazi fulani na miaka fulani, akishindwa na mafunzo ya kazi ile au akitolewa kabla ya muda kwa sababu wanazohesabu ni zake mwenyewe, wanaweza kumdai arudishe. Na kudai wanadai kweli. Mwaka 2016 magazeti ya kule yalifichua kwamba askari karibu 9,700 wa jeshi la akiba la jimbo la California wanadaiwa warudishe bonasi walizopewa miaka kama kumi nyuma, wakati vita vya Iraq na Afghanistan vimepamba moto na askari wanahitajika kwa udi na uvumba, wengi walipewa dola 15,000 na zaidi. Makosa na udanganyifu ulifanywa na waliokuwa wanagawa hizo pesa, lakini barua za deni zikaenda kwa askari, wengine walishapigana wakarudi na majeraha, pesa washatumia kitambo kwa nyumba na watoto. Mpaka kelele zilipozidi ndio waziri wa ulinzi, Ash Carter, akasimamisha kudai. Nikuulize, mwanao wa miaka 17 atajuaje kusoma mkataba ambao watu wazima wenye miaka jeshini uliwageuka?

Huo mkataba wenyewe uombe wote, usikubali picha ya ukurasa mmoja wa saini. Ndani yake kuna kifungu kinasema sheria zikibadilika basi mshahara, marupurupu na wajibu wa askari vinaweza kubadilika bila yeye kupewa taarifa, hata kama mkataba ulisema vingine. Yaani upande mmoja umefungwa na upande wa pili unaweza kusogea. Na muulize mwanao amejifunga miaka mingapi, atakwambia mitatu au minne. Anayejiandikisha mara ya kwanza anajifunga jumla ya miaka 8, ile ambayo hayuko kazini anahesabiwa akiba na anaweza kuitwa, na wakati wa Iraq wapo waliozuiwa kutoka hata baada ya muda wao kwisha. Sijui kama pale kantini kuna aliyemwambia hilo huku akimpa kalamu.

Kwa upande wa chuo, sitaki kukudanganya, hapo kuna kitu. Marekani ilianza kuwasomesha wanajeshi wake waliotoka vitani mwaka 1944 na watu wengi waliinuka kwa mpango huo. Ule wa siku hizi, akitumikia kazini miezi 36 kamili na akatoka kwa heshima, unalipa karo yote ya chuo cha umma kwa miezi 36 ya masomo na pesa za kuishi juu yake. Hiyo si hongo, ni malipo ya aliyetumikia. Lakini akienda ile akiba ya wikendi badala ya jeshi la kudumu anapata pungufu ya hapo, na akitolewa vibaya anaweza kukosa, kwa hivyo kila alichoahidiwa kwa mdomo kiandikwe kwenye viambatisho vya mkataba, kisichoandikwa hakipo. Uraia vilevile, njia fupi ipo kwa mwenye grini kadi anayetumikia, ila yeye mwenyewe ndiye anaomba na anafuatilia, magwanda peke yake hayamfanyi raia. Wapo waliotumikia bila kumaliza hayo makaratasi, baadaye wakapatikana na kesi wakarudishwa makwao.

Na kuna njia ambayo nina hakika hakuambiwa kwenye ile meza. Mwenye grini kadi ana haki ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, fomu yake inaitwa FAFSA na kuijaza ni bure, ndani yake kuna ruzuku ya Pell kwa familia za kipato kidogo, miaka hii imefika mpaka dola 7,395 kwa mwaka na hairudishwi. Vyuo vya jamii vya miaka miwili, kwa majimbo mengi, karo yake ya mwaka iko chini ya hapo. Mwanao aende kwa mshauri wa wanafunzi pale pale skuli aulize hilo, kabla hajafikiria bunduki. Mtoto akijua anaweza kusoma bila jeshi na bado akasema mama mimi nataka jeshi, hapo nitamwamini kwamba anataka jeshi.

Na hata kama saini zote zishatiwa, msihangaike kupita kiasi. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huandikishwa kisha akasubiri amalize masomo, anaapa mara ya kwanza siku ya kuandikishwa, na siku ya kuondoka kwenda mafunzoni anaapa tena. Kabla ya kile kiapo cha pili anaweza kuandika barua ajiondoe, hafungwi wala hashtakiwi, na akitishwa na yeyote kwamba atashikwa huyo anamdanganya.

Umeniuliza utakuwa umemuuza. Hapana dada yangu, usijibebeshe neno hilo. Unaviziwa wewe na mumeo, mnaviziwa pale penye kodi ya nyumba na karo, na ndio maana mimi nasema jambo hili lina kasoro. Askari kulipwa vizuri ni haki yake. Lakini kumwendea mtoto aliye darasani, ambaye nyumbani anasikia baba anahesabu kodi, ukamtajia pesa nyingi kabla hujamtajia kaburi wala mguu uliokatwa wala miaka minane, na kazi yenyewe si ya kuacha akichoka kama ghala la baba yake kwa sababu kutoroka jeshini ni kesi, huko ni kutumia shida ya mtu kumfanya asifikiri. Ridhaa iliyopatikana hivyo mimi siihesabu kamili, hata kama saini iko na wino haujakauka. Ongea na mwanao, usimgombeze. Mwambie umesikia, na umekataa Ijumaa, hujamkataa yeye. Na amtafute mtu aliyewahi kutumikia na ambaye halipwi kumuandikisha, akae naye peke yao amuulize yote.

Bi Mhariri, nilisoma jibu lako la toleo lililopita na lilinichoma. Mimi nilijiunga na jeshi la wanamaji, Mtongwe, nikiwa na miaka 19, na nisikufiche, bendera haikuwa kichwani mwangu. Nyumbani tulikuwa tisa, baba kibarua wa bandari, siku meli haipo hatuli. Mshahara wa jeshi umejenga, umeoza mabinti, umesomesha watoto wangu wote. Sasa nyinyi mnaokaa ofisini mwataka kijana wa Likoni ajiunge kwa mapenzi matupu? Watoto wa matajiri hawajiungi mama, hata uwape nini. Mkiondoa pesa mtakuwa mmemnyima maskini njia pekee aliyonayo, na mnajiita watetezi wake.
Mstaafu, Likoni

Jibu: Mzee wangu shikamoo, na asante kwa kunena kweli. Nakubaliana nawe karibu yote. Mshahara wako sina neno nao, ningetaka uwe mkubwa zaidi, na pensheni pia, na sitaki kumsikia mtu akisema askari aliyejiunga ili alishe ndugu zake ni askari wa chini kuliko aliyejiunga kwa ajili ya bendera. Kijana kutafuta riziki ni heshima.

Ninachokipinga ni kitu kingine. Mshahara wako ulikuwa unajulikana na kila mtu, mwenye cheo chako anapata kama wewe, unakuja kila mwezi kwa kazi uliyoifanya. Pesa ya kumfanya mtu atie saini ni mnyama mwingine. Hebu tazama inapanda lini. Inapanda pale vita vinapokuwa vibaya na wanaojua hali wameanza kukataa. California walimwaga bonasi wakati Iraq inawaka. Urusi, Julai 2024, Rais Putin alitia saini amri bonasi ya kujiandikisha ipandishwe kutoka rubo 195,000 hadi rubo 400,000, na mwezi huo huo mji wa Moscow ukaweka bonasi yake ya rubo milioni 1.9, na hiyo ilikuwa vita viko mwaka wa tatu na maelfu washakufa. Kwa hivyo pesa ikiwa nono ghafla, mtu mzima anajiuliza kwa nini, lakini mtoto wa 17 anaona bahati yake imefika. Hiyo ndiyo tofauti ninayoilia.

Na wewe unajua zaidi yangu ahadi za mwanzo zinavyosahauliwa mwishoni. Pale Jomo Kenyatta Avenue kuna sanamu za askari wetu wa Vita Vikuu vya Kwanza, tunapita na tuktuk kila siku hatuzitazami. Wapagazi waliobeba mizigo ya Waingereza kwenye vita hivyo walikufa makumi ya maelfu, na mishahara ya wengi waliokufa haikuwahi kufika kwa jamaa zao. Vita vya pili Waafrika waliotumikia Uingereza walipoagwa walipewa malipo ya kuaga madogo mara kadhaa kuliko ya Wazungu wa cheo kile kile. Na sisi wenyewe, Januari 2016 kambi yetu ya El Adde kule Somalia iliposhambuliwa, familia zilikaa na simu mkononi siku nyingi zikingoja jina.

Kwa hivyo kama serikali ina pesa, mimi ningesema izimimine huko nyuma, kwa aliyeumia, kwa mjane, kwa mstaafu kama wewe anayepanga foleni hospitali, na kusomesha waliokwisha kutumikia. Kijana wa Likoni akiona mstaafu wa Likoni anaishi vizuri atajiunga bila kupungiwa noti.

Sasa Bi Mhariri, mimi nilimaliza kidato cha nne mwaka juzi, saa hii niko tu mtaani napiga kibarua pale ferry. Kuna mtu tumejuana naye kwa Telegram, anasema yeye ni ajenti, kuna kazi ya sekyuriti Urusi, tiketi na viza wanalipa wao, ukifika unapewa pesa ya mkupuo kubwa kabla ata hujaanza kazi alafu mshahara wa kila mwezi ambao huku siwezi kuuota. Hataki senti yangu. Rafiki yangu ashatuma pasipoti. Mamangu hajui. Naskia wengine wanasema ni jeshi lakini ajenti anasema ni kulinda maghala tu mbali na vita. Nifanyeje?
Kijana wa Likoni

Jibu: Mdogo wangu, usipande hiyo ndege, na rafiki yako umwambie leo leo.

Haya mambo si uvumi. Septemba 2025 polisi waliokoa vijana zaidi ya 20 waliokuwa wamewekwa kwenye nyumba huko Athi River wakingoja kusafirishwa kwenda Urusi, na Novemba mwaka huo waziri wa mambo ya nje, Musalia Mudavadi, alisema Wakenya zaidi ya 200 huenda wako kwenye jeshi la Urusi. Waliorudi wanasimulia yale yale, waliahidiwa udereva, ulinzi, usafi, wakifika wanapewa karatasi za Kirusi watie saini, mafunzo siku chache, kisha Ukraine mstari wa mbele. Hiyo pesa ya mkupuo unayoambiwa ndiyo bonasi ya kujiandikisha jeshini niliyomuandikia Mzee hapo juu, hakuna kampuni ya kulinda maghala inayomlipa mgeni asiyemjua pesa nyingi kabla hajasimama getini hata usiku mmoja. Na ukishatia saini hutoki. Tangu Urusi ilipotangaza uandikishaji wa lazima wa sehemu ya raia wake Septemba 2022, mkataba wa askari haumaliziki kwa muda ulioandikwa, unaendelea tu mpaka amri hiyo iondolewe.

Kama una dada au binamu wa kike mwambie pia, kuna mpango unaoitwa Alabuga Start unawatangazia wasichana wa Afrika wa miaka 18 hadi 22 kazi na masomo huko Tatarstan, ndani ya Urusi, na waandishi wa habari walikuta wengi wamewekwa kiwandani wanaunda droni za vita.

Umesema hataki senti yako, na hilo ndilo limekufanya umuamini. Sisi tumezoea tapeli ni yule anayekuomba pesa ya viza kisha anazima simu. Huyu halipwi na wewe, analipwa kwa kila kichwa anachofikisha. Hapa Pwani tumeyaona kabla, miaka ile al-Shabaab walikuwa wakiwaendea vijana wasio na kazi kwa ahadi ya pesa, na mama wangapi hawajui mpaka leo mtoto alilala wapi siku ya mwisho. Waliohubiriwa dini walikuwepo, waliovutwa na njaa walikuwepo.

Ajenti wa kweli wa kazi za ng'ambo amesajiliwa na NEA, ile Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na orodha yao iko wazi, mwambie akupe jina la kampuni na namba ya usajili uangalie mwenyewe, na akupe mkataba kwa lugha unayoisoma kabla ya tiketi. Akianza kukwepa, mripoti kwa polisi, kumsafirisha mtu kwa kumdanganya ni kosa kwa sheria yetu ya 2010 ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu, na wewe uliyedanganywa unahesabiwa mwathiriwa, huna cha kuogopa. Rafiki yako adai pasipoti yake. Na mamako mwambie usiku wa leo. Najua unaona haya kwamba umemaliza skuli na bado unamtegemea, lakini mama yeyote angependa akuone ferry ukibeba mizigo kuliko kuongea na balozi.

Bi Mhariri, kwetu mambo ni kinyume. Jeshi halitupi pesa, sisi ndio twatoa. Kuna bwana amesema nikimpa laki nne binti yangu atapata barua ya kuitwa KDF. Nina kipande cha shamba Kwale naweza kuuza. Niuze?
Mzazi, Changamwe

Jibu: Usiuze. Kuandikishwa KDF ni bure, wenyewe wanatangaza hivyo kila zoezi, kijana anakwenda uwanjani na vyeti vyake anapimwa mbele ya watu. Karibu kila mwaka kuna vijana wanafika kambi ya mafunzo ya Eldoret na begi mgongoni na barua mkononi, wanaambiwa getini barua ni feki, wanakamatwa pale pale, na waliouza barua hawaonekani. Na chini ya sheria ya hongo ya 2016 mtoaji ana kosa sawa na mpokeaji. Shamba likienda limekwenda, na binti atakuwa na kesi badala ya kazi. Inaniuma kwamba kazi ya hatari kama hiyo imekuwa kitu cha kununuliwa, yaani ukosefu wa kazi umefika hapo.

Bi Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mvita, nasimamia siku ya kazi na taaluma. Mwaka huu mwalimu mkuu anataka tualike maafisa wa jeshi na kuna mfadhili amesema atawalipia karo wanafunzi watakaoonyesha nia ya kujiunga. Wenzangu wamefurahi. Mimi roho inasita, lakini sina hoja.
Mwalimu, Mvita

Jibu: Mwalimu, roho yako inasita mahali pake. Hoja unayo, ni hiyo karo.

Maafisa waje, hakuna ubaya mtoto kuijua kazi ya jeshi, na kwa kijana wa Pwani wanamaji ni majirani. Lakini mfadhili akifungamanisha karo na nia ya kujiunga, yule mwanafunzi aliyefukuzwa wiki iliyopita kwa karo atainua mkono wa kwanza, na atainua mbele ya mwalimu wake ambaye ndiye anamuandikia ripoti. Hapo umemuuliza nini haswa? Kenya ilipoidhinisha mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2000 kuhusu watoto na vita, Januari 2002, ilitamka kwamba umri wa chini wa kuingia jeshini kwetu ni miaka 18, na mkataba wenyewe unasema hata zile nchi zinazochukua wa chini ya hapo, kama Uingereza inayoanza na 16, lazima kijana awe amejitolea kwa hiari ya kweli, mzazi aridhie akiwa anajua, na mtoto aelezwe wajibu wote wa kazi ile. Darasani kwako wengi bado hawajafika 18. Kuahidi tu si kuandikisha, najua, lakini mtoto akilipiwa karo miaka miwili kwa nia aliyoionyesha akiwa na 16, siku akibadilisha mawazo atajiona ana deni.

Kwa hivyo mwambie mkuu mfadhili alipe karo za wenye shida, apokee shukrani, bila sharti lolote la jeshi, akikataa basi pesa zake zina kazi nyingine. Siku yenyewe waalike wazazi. Meza ya jeshi ikae ukumbi mmoja na meza ya Bandari Maritime Academy, ya chuo kikuu cha TUM, ya vyuo vya ufundi, na mtu wa HELB wa kueleza mikopo ya masomo inavyoombwa. Afisa aulizwe wazi kuhusu majeruhi na wajane na ajibu, wengi wao wakiulizwa kwa heshima hujibu vizuri. Na asiondoke na namba ya simu ya mwanafunzi yeyote, anayetaka atachukua karatasi aende nayo nyumbani.